Kipupwe cha Mama Ngina: Mbio za Alfajiri na Mguu Uliopona

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji pande zote, lakini sehemu kubwa ya maji hayo ni mikono ya bahari iliyotulia, yenye madaraja, gati na nyumba. Mahali ambapo mtu anaweza kutembea kwa muda mrefu huku bahari kuu ikiwa wazi mbele yake ni upande wa kusini-mashariki, inapopita Barabara ya Mama Ngina. Barabara hii huanzia karibu na kivuko cha Likoni, ikapita kwenye mibuyu mikongwe yenye mashina manene kama vyumba, kisha ikafuata ukingo wa majabali ya matumbawe kuelekea mnara wa taa na uwanja wa gofu. Chini yake ndipo ulipo mlango wa Kilindini. Meli za mizigo zinapoingia bandarini hupita karibu sana, hata watoto wakashindana kuhesabu makontena.

Familia nyingi huijua barabara hii jioni. Baada ya Alasiri magari huanza kujipanga, mikeka hutandikwa, na wauzaji huchoma mihogo na kuipaka pilipili na ndimu. Wapo wa madafu, wapo wa mabuyu na achari za embe. Tangu bustani ya ufukweni ilipotengenezwa upya mwaka 2019, mwaka ambao sherehe za Mashujaa zilifanyika hapo tarehe 20 Oktoba, njia za waendao kwa miguu zimepanuka na viti vimeongezeka. Lakini kuna Mama Ngina nyingine, ya alfajiri, ambayo wachache huiona. Mikeka haipo, moshi haupo. Kuna mfagiaji na ufagio wake, wavuvi wawili watatu wanaoteremka majabalini maji yakiwa yamekupwa, na watu wanaokimbia. Mimi ni mmoja wa hao wa mwisho.

Anayekimbia pwani hufuata kalenda isiyoandikwa ukutani. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na joto lake lenye unyevu hulilemea pumzi hata kabla ya jua kuchomoza. Aprili na Mei ni masika. Mvua hujaza barabara madimbwi. Kisha huja kusi, na katikati ya kusi ndipo penye kipupwe, miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambapo mwenye kutoka nje alfajiri huweza kutamani shali. Kwa mkimbiaji, hiyo ndiyo mavuno ya mwaka.

Dunia nzima iliwahi kuonjeshwa upande wa pili wa kalenda hiyo. Tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa hapa, katika uwanja wa gofu ulio pembeni mwa bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio fupi na ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, tangu 2002 hadi 2006. Joto la mwisho wa kaskazi halikumjali. Katika mzunguko wa mwisho alitoka njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Upande wa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uholanzi. Wakimbiaji wengi walishindwa kumaliza. Kila ninapopita kwenye ua wa uwanja ule hukumbuka kwamba ardhi hii haimpi mtu heshima kwa sababu ya jina lake.

Mbio zangu mimi hazina jina wala medali. Nilianza nikiwa na miaka 36, baada ya mamangu kugunduliwa na ugonjwa wa sukari, na daktari kuniambia kwamba kipimo changu nacho kilikuwa kinaukaribia mpaka. Nilianza kwa kutembea, nikaenda kwa kuchanganya, hatimaye nikaweza kukimbia kilomita 10 bila kusimama. Miaka mitatu baadaye, asubuhi moja ya Julai, nilizimaliza kwa dakika 58 na sekunde 12. Mwenye mbio za kweli atatabasamu, na ana haki. Lakini nyumba yangu ina watu sita, na siku yangu tangu chai ya asubuhi hadi kufunga mlango usiku ni ya mahitaji yao, jambo ambalo namshukuru Mwenyezi Mungu kwalo. Zile dakika 58 na sekunde 12 zilikuwa kitu kidogo katika siku hiyo kilichokuwa na jina langu peke yangu.

Oktoba iliyofuata, ukano wa kisigino cha kulia ulianza kuuma. Mwanzo ulikuwa ugumu wa asubuhi tu, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani. Baada ya wiki chache, nikawa nashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Ukano huu, unaounganisha misuli ya nyuma ya mguu na mfupa wa kisigino, hupata damu kidogo kuliko misuli, na kwa sababu hiyo hupona polepole. Daktari wa viungo hakunipa dawa ya kumeza. Alinipa ngazi.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Unasimama kwa ncha za nyayo ukingoni mwa kidato, unajiinua kwa mguu mzima, kisha unaushusha mguu mgonjwa taratibu hadi kisigino kipite chini ya kidato. Mara 15, mafungu matatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina kidato cha jiwe mlangoni, kilicholika katikati kwa nyayo za vizazi. Hapo ndipo nilipofanya matibabu yangu, nikiwa nimeushika mlango wa mbao, huku majirani wakipita kwenda sokoni. Wiki ya kwanza waliniuliza nimepatwa na nini. Wiki ya tatu wakazoea. Wiki ya nane bibi wa nyumba ya pili akaja naye na maumivu yake ya mguu, akitaka kufundishwa. Nikamwambia kwanza akaonwe na daktari, kwani maumivu ya mguu yana sababu nyingi.

Kilichonitia hofu katika wiki hizo hakikuwa sekunde. Ilikuwa ni kumwona mamangu akipima damu yake kila asubuhi kwa tone la kidole, nami nimekaa. Kipimo changu cha Desemba kilipanda kidogo. Hapo nilielewa thamani halisi ya ukingo ule wa bahari: kwangu ulikuwa dawa kabla ya kuwa uwanja.

Februari niliruhusiwa kurudi, na mibuyu ikawa kipimo changu. Nilikimbia kutoka mbuyu mmoja hadi mwingine, nikatembea hadi wa tatu, kisha nikaanza tena. Kaskazi ilikuwa bado inavuma na nguo zililowa kabla ya kufika mnarani. Ramadhani ilipoingia niliacha kukimbia, nikatembea tu na wanangu baada ya tarawehe, wakati bahari haionekani bali husikika. Masika yalipokatika nilikuwa nimefikia dakika 30 bila kutembea. Kanuni niliyopewa ilikuwa moja: mguu usiulizwe jioni, uulizwe kesho yake asubuhi. Ukiamka na maumivu zaidi ya jana, punguza.

Sikuwa peke yangu. Tuko wanawake watano, na hatutoki hadi kuwe na mwanga wa kutosha kuonana nyuso. Tunavaa suruali pana, kanzu fupi za kitambaa chepesi na hijabu za michezo, ambazo siku hizi hushonwa na mafundi wetu wa hapa mjini. Zamani tulitazamwa, sasa tunasalimiwa. Ulimwengu nao umeona: mwaka 2024 mjini Paris, Sifan Hassan, aliyezaliwa Ethiopia na kukimbilia Uholanzi, alishinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2, dakika 22 na sekunde 55, kisha akapanda jukwaani kupokea dhahabu akiwa amevaa hijabu. Na kabla ya hayo yote, imepokewa katika hadithi, ikiwemo kwa Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alitangulia, baadaye, mwili wake ulipokuwa umenawiri, Mtume (s.a.w.) akamtangulia. Huipenda hadithi hii kwa kuwa mwili unabadilika ndani yake bila mtu kuaibishwa.

Agosti, kipupwe kikiwa kimekolea, niliamua kuujaribu ule muda wangu wa zamani. Nilikuwa nimetimiza miaka 40. Kusi lilikuwa linavuma, na kwenye barabara hii kusi hukusukuma ukitoka kivukoni na kukukabili ukirudi. Nilizimaliza kilomita 5 za kwanza kwa dakika 28 na sekunde 50, nikiwa mwepesi hata nikaogopa. Njia ya kurudi ililipisha deni hilo. Upepo ulinipiga kifuani tangu mnarani, mawimbi yakirusha chumvi hadi barabarani, na meli moja ndefu ikiingia Kilindini polepole kama isiyo na haraka ya kufika popote. Shoga zangu walikuwa wakisubiri chini ya mbuyu wa mwisho. Saa iliandika dakika 58 na sekunde 21.

Sekunde tisa. Mmoja wao aliniambia, “Jumamosi ijayo utazipata, shoga yangu, ni kupenga makamasi tu hizo.” Tulicheka hadi mfagiaji akageuka. Lakini asubuhi iliyofuata kisigino kilikuwa kigumu kwa hatua kumi, zile zile kumi nilizozijua. Ukano ulikuwa umejibu swali kabla sijauliza. Sikwenda Jumamosi. Nilirudi kwenye kidato cha jiwe kwa wiki mbili, kisha nikaendelea na mbio zangu za kawaida, na kipimo changu cha sukari mwezi huo kilikuwa kimerudi chini ya mpaka, alhamdulillah. Sekunde tisa zinangoja kipupwe kijacho, inshallah. Kusi hurudi kila mwaka. Mguu hauna mwingine.

Kwa familia zitakazopenda kuiona Mama Ngina ya alfajiri, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bora. Fikeni kukiwa kumepambazuka, mwende kwa kikundi, na mchukue maji hata kama hewa ni baridi, kwani unyevu wa pwani hudanganya kiu. Watoto waongozwe mbali na ukingo wa majabali, hasa siku za bamvu mawimbi yanapopanda. Wenye kurudi baada ya kuumia, waanzie kwenye mibuyu, ambako kuna kivuli na viti vya kupumzikia. Na yeyote atakayesikia mlio wa ghafla nyuma ya kisigino, kisha akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, asingoje kesho. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Walio wazima nao, wakimaliza kutembea, watamkuta muuza madafu akifika na baiskeli yake jua likianza kupanda, na dafu la kwanza la siku huwa bado na baridi ya usiku.