Mkono Haufundishwi kwa Sikio

Kila kazi ya mkono ina gharama yake ya kujifunza. Seremala huharibu mbao kabla ya kuunda kiti, na mshonaji huharibu vitambaa kabla ya kushona kanzu. Ubao ukiharibika hununuliwa mwingine. Lakini muuguzi ajifunzaye kazi yake atalipa kwa kitu gani? Ngozi ya mgonjwa haiuzwi dukani, na pumzi ya mtoto mchanga ikikatika haiungwi kwa uzi. Kwa hiyo, msomaji mpenzi, nakuomba tufikiri pamoja juu ya hila njema waliyoibuni wanadamu ili mwanafunzi aweze kukosea pasipo mtu kuumia.

Hila hiyo haikuanza jana. Mwaka 1911 shule ya wauguzi ya hospitali ya Hartford, nchini Marekani, ilipokea mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima. Alitoka katika karakana ya Martha Chase, bibi aliyejulikana kwa kutengeneza wanasesere wa watoto, naye akaitwa Bi. Chase. Wanafunzi walimgeuza kitandani, wakamvika na kumvua, wala hakulalamika.

Siku hizi mwanasesere amepata mwenzi. Mwanafunzi huvaa miwani mikubwa ifunikayo macho yote mawili, na mara darasa hutoweka. Mbele yake huona wodi, kitanda, na mgonjwa ahemaye kwa shida. Akigeuza kichwa, huona upande mwingine wa wodi, kama aliyesimama humo kweli. Akichelewa kutenda, hali ya mgonjwa huzidi kuwa mbaya. Akishindwa kabisa, huanza upya. Hapa Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome walishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford cha Uingereza katika mchezo uitwao LIFE, wa simu ya mkononi na wa miwani hiyo pia. Mchezo huo humwongoza mhudumu hatua kwa hatua katika kumwokoa mtoto aliyezaliwa bila kupumua.

Elimu hii huitwa uhalisia pepe. Mkulima wa mpunga analijua vema neno pepe: ni punje yenye ganda zuri isiyo na kitu ndani. Basi yafaa tuulize, je, punje hii nayo ina kiini?

Jibu moja lilipatikana kwa jirani zetu, katika hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania. Huko walitumia chombo cha hali ya chini kuliko miwani: mwanasesere wa kichanga, ambaye hujazwa maji ya vuguvugu hata akawa mzito mikononi kama mtoto wa kweli. Mtoto asiyepumua hana budi kusaidiwa katika dakika yake ya kwanza, na katika dakika hiyo hakuna awezaye kufungua kitabu. Mwaka 2010 wahudumu walifundishwa kwa siku moja. Walipopimwa miezi kadhaa baadaye kwa mwanasesere, ustadi wao ulikuwa umeongezeka sana. Lakini walipotazamwa katika chumba cha kuzalia, namna walivyowahudumia watoto halisi haikuwa imebadilika.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Cheti kilipatikana, na mtoto hakufaidika! Hata hivyo, watu wa Haydom hawakumtupa mwanasesere. Walianzisha mazoezi mafupi pale pale kazini, yakarudiwa mara kwa mara, hata mkono ukazoea kutenda kabla hofu haijaufikia. Ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipopungua. Kiini cha punje, kwa hiyo, kilikuwa katika kurudia. Shule itakayonunua miwani ya thamani na kuifungia kabatini hata siku ya wageni imenunua pepe.

Mimi ni mwalimu wa shule, nami naliona jambo hili kwa jicho la kazi yangu. Katika chuo cha ualimu tulifundishana sisi kwa sisi kabla ya kupelekwa mbele ya watoto. Mazoezi yale yalitufaa sana: yalitupa sauti, mpango na ujasiri. Lakini hakuna mwenzetu aliyeweza kuigiza mtoto aliyekuja shuleni na njaa. Vivyo hivyo, mgonjwa wa ndani ya miwani haoni haya anapofunuliwa, wala hamwulizi muuguzi usiku wa manane kama atapona. Hayo hujifunzwa kwa mgonjwa mwenyewe, na ni heshima kwake kwamba anayemjia amekwisha kukosea mahali pengine.

Wewe usomaye maneno haya huenda ukawa muuguzi kesho. Ukiipata miwani hiyo, ivae leo, na kesho, na kesho kutwa, wala usichoke kuanza upya. Kisha ivue, nawa mikono, na umwendee mgonjwa kwa jina lake.