Wageni wa Mida wanapofunga virago

KILA ifikapo Aprili, shule zikiwa zimefungwa na masika yakinyemelea Pwani, kuna wageni wanaofunga virago bila kudaiwa bili ya hoteli. Hawa ni ndege wa ufuoni ambao hukimbilia kwetu tangu Agosti, baridi inapokaribia kwao kaskazini.

Mahali pazuri pa kuwaaga ni hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia bara karibu na Watamu, Kaunti ya Kilifi. Ukitoka Mombasa, panda matatu ya Malindi na ushuke Mida, kabla ya kufika Gede. Siku mbili zatosha, mradi ufuate saa ya maji badala ya saa ya mkononi.

Maji yakipwa, ndege hutawanyika mbali matopeni wakitafuta kaa na nyungunyungu. Yakianza kujaa, husukumwa hadi karibu na mikoko, na hapo ndipo darubini inapofaa. Kuna kidaraja cha mbao na kamba kinachoning'inia kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kujificha. Kiingilio husaidia kulipa karo ya wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya hapo.

Jumamosi tulimwona sululu, mdomo wake umepinda kama chombo cha kuchimbia. Tulimwona pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, hodari wa kupasua kaa. Huyu huenda kutaga katika mashimo ya mchanga, kwenye fuo za Uarabuni na Ghuba. Zamani majahazi nayo yalirudi huko kwa upepo wa kusi, miezi hii hii.

Lakini aliyetushangaza zaidi ni kitwitwi mmoja mdogo. Disemba huwa na rangi ya jivu; Aprili kifua chake huwa chekundu kama tofali. Uzito wake haufiki gramu 100, ilhali anakwenda kutaga kaskazini kabisa mwa Siberia, theluji inapoyeyuka. Petroli yake ni mafuta aliyoweka chini ya ngozi kwa kula matopeni wiki hizi chache.

Ndiyo sababu mwongozaji wetu, kijana wa Mida, alinyamaza kwa uchungu kundi la watalii lilipokimbilia mchangani kupiga picha. Mamia ya ndege waliruka, wakazunguka mara mbili, wakatua mbali. Kila mruko kama huo huchoma akiba ya safari, na hakuna kituo cha petroli angani. Mzazi, mwambie mtoto abaki kidarajani na anong'one. Ataona mengi zaidi.

Jumapili, jua likizama, kikundi kidogo kilipaa kikipiga kelele, kikajipanga mstari na kuelekea kaskazini. Hakikurudi.

Ukikosa nafasi Aprili, usife moyo. Hata Juni utawakuta wachache wamebaki. Wengi wao ni makinda ya mwaka jana, ambayo bado hayajafikia umri wa kutaga. Hukaa Mida msimu wote wa kusi, yakila na kukua, hadi zamu yao ya kusafiri ifike. Beba kofia, maji ya kunywa na viatu visivyoogopa matope.