Mashua Yetu Katika Mlima Ngomo

Mtu wa Uvira akisema kwamba mashua yake ilikuja kwa barabara, watu humcheka. Ziwa tunalo mlangoni, mafundi hawakosekani. Ya nini kuvuta mashua kwa motokaa? Nasi tulichekwa vivyo hivyo mwezi wa Julai, mwaka 2015, tulipokuwa bado mwalimu kijana.

Sababu ilikuwa fedha. Jamaa kumi na moja wa mtaa wetu walikuwa wamechanga kwa miaka miwili wapate mashua kubwa ya kuvulia ndagala usiku. Huko Bukavu mtu mmoja alikuwa akiacha uvuvi, akauza yake, urefu wa mita tisa, mbao zake nzima, kwa bei iliyokuwa karibu nusu ya mashua mpya. Na kwa kuwa mwalimu hudhaniwa kujua hesabu, sisi tulitumwa kwenda kuileta.

Mto Ruzizi hutoka Kivu ukaingia Tanganyika, lakini hakuna chombo kiwezacho kuufuata. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na ziwa letu mita 770 hivi. Tofauti hiyo mto huishuka kwa maporomoko kati ya magenge. (Ndagala wao walikwisha kuipanda, tena si kwa kuogelea. Kati ya mwaka 1958 na 1960 walichukuliwa wachanga kutoka huku wakapandwa Kivu, na leo ndio sambaza wa Bukavu.) Basi njia ni barabara, nayo hupita Nyangezi, kisha huteremka mlima Ngomo mpaka Kamanyola. Wakati ule wasafiri wengi waliogopa Ngomo, wakazungukia Rwanda. Sisi hatukutaka kuivusha mashua mipaka miwili na kulipa ushuru mara mbili.

Tulikuwa na pikapu ya kukodi, tela ya magurudumu manne, dereva, mzee mmoja fundi wa mashua pamoja na msaidizi wake, na wanafunzi wetu wawili, ndugu wa tumbo moja, tuliowaomba kwa mama yao watusaidie kushika turubali.

Njiani tuliwasimulia watoto habari ambayo tumeifundisha kila mwaka. Mwaka 1915, katika vita kuu ya kwanza, Wajerumani walikuwa wakilitawala ziwa letu kwa meli zao. Waingereza wakaleta kutoka kwao mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja mita 12 hivi, chini ya ofisa Geoffrey Spicer-Simson. Zilikwenda kwa meli mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Fungurume katika Katanga. Na toka hapo mpaka Sankisia, kilomita zaidi ya 200 kuvuka milima ya Mitumba, hapakuwa na reli. Zikavutwa na mashine mbili za mvuke pamoja na ng'ombe wengi, kuanzia mwezi wa Agosti hata mwisho wa Septemba, na madaraja zaidi ya mia yakajengwa. Maji ya mashine yalipokosekana, wanawake wa vijiji waliyaleta kwa mitungi vichwani. Siku iliyofuata Noeli meli Kingani ilitekwa, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Jina la ofisa limo vitabuni, hata majina ya mashua. Jina la mwanamke mmoja katika wale wachukuzi wa maji hatujaliona popote.

Tena tuliwaeleza kwamba kazi kubwa haikuwa kupanda tu. Katika mteremko mzigo ulifungwa kamba kwa nyuma, ukazuiwa, usije ukaiponda mashine iliyo mbele. Tulieleza vizuri sana. Watoto walielewa.

Tulipofika juu ya Ngomo, mzee akashuka garini. "Mwalimu," akasema, "hapa tutafute vijana washike kamba nyuma."

Jua lilikuwa limeinama. Dereva alisema gia ndogo yatosha. Sisi tukapiga hesabu: vijana ishirini, kila mmoja na ujira wake, nayo fedha si yetu. Tukamjibu, "Mzee, tutashuka polepole." Hakubisha. Alichukua kabari zake mbili za mti mgumu, akampa msaidizi moja, wakafuata kwa miguu, huyu kulia na huyu kushoto. Watoto tuliwaacha wakae ndani ya mashua.

Tela ile haikuwa na breki zake yenyewe; pikapu ilipaswa kujizuia na kuizuia mashua pia. Kwenye kona ya tatu tukasikia harufu ya kuungua. Dereva alikanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini. Tela ikaanza kusukuma mkia wa gari upande wa bonde, taratibu tu, kama ng'ombe anayemsogeza mwenzake malishoni. Tulimwona mzee akiinama. Kabari ya kwanza gurudumu liliipanda likaitupa. Ya pili ilishika. Pua ya mashua ikajipigiza ukingoni mwa mlima, ubao mmoja ukalia, na kila kitu kikasimama.

Gurudumu la nyuma lilikuwa hatua moja kutoka genge. Mkubwa alikuwa amekwisha kuruka. Mdogo hatukumwona. Tulimwita jina lake mara tatu, hata akajibu kutoka chini ya ubao wa kukalia, turubali kichwani.

Vijana ishirini na wawili walipatikana kijijini, kwa ujira uleule tuliouogopa. Walishika kamba mpaka chini, usiku umeingia, tukalala Kamanyola. Kesho yake tulipita bondeni, tukasimamishwa kwenye vizuizi, tukalipa. Sange, mahali ambapo mwaka 2010 lori la petroli lilipinduka, likawaka moto na kuua watu zaidi ya 200, dereva alivua kofia, tukasali Salamu Maria pamoja. Hakuna aliyezungumza tena mpaka Kiliba.

Uvira, jua na upepo wa safari vilikuwa vimekausha mbao hata zikaachana. Mzee alibadili ubao uliovunjika, kisha akaizamisha mashua penye maji haba, imejaa mpaka ukingoni. Wenye fedha wakapiga kelele, nasi tukashika ndoo tuyatoe maji. "Mwalimu, iache inywe," akasema. Siku ya nne tuliikausha, ikaelea.

Jioni ile tulikwenda kwa mama wa wale watoto kumwambia yaliyotukia. Kumbe alikwisha kuyajua. Alitupa kiti, akatuletea ugali na ndagala, hakusema neno hata tulipomaliza kula na kunawa.

"Mwalimu," akasema, "siku nyingine ukiwa na mashua ya kushusha Ngomo, wanangu watashuka kwa miguu."

Tukamwambia, "Ndiyo, mama."