Risasi Inayopwaya



Neno letu la wiki hii ni risasi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza si kitu kinachoua. Ni jina la madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu. Kwa kuwa hapo zamani vidonge vya bunduki vilisubiwa kwa madini hayo, jina likahama kutoka kwenye madini likaenda kwenye kidonge. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu. Nilidhani kitenzi hiki kimebaki kwenye kamusi tu, mpaka mwanafunzi wangu mmoja aliponionyesha kwamba bado ki hai.

Kipindi kilikuwa kimekwisha na wenzake wametoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, risasi ya betri kuukuu ya gari inaweza kuwa risasi ya bunduki?” Nilicheka, nikidhani anacheza na maneno. Yeye hakucheka.

Kidogo kidogo akanisimulia. Juu ya dari ya nyumba yao kulikuwa na bunduki ya zamani ya kijeshi, aliyoiacha marehemu babu yake. Kaka yake alikuwa amepata maganda matupu na baruti kidogo, naye alikusudia kusubu risasi mwenyewe. Kalibu aliyoitengeneza ilitoa risasi nyembamba kidogo kuliko mtutu. “Kaka anasema haina neno,” akaniambia, “mradi inaingia.”

Mimi ni mwalimu wa lugha, si fundi wa silaha. Lakini nimekulia hapa Bujumbura katika miaka ya vita, na maganda ya risasi tuliyaokota na kuyapuliza kama filimbi. Najua jinsi chombo cha mauti kinavyoweza kuzoeleka mikononi mwa mtoto. Basi nikaketi naye, tukaanza na kitenzi kupwaya.

Shati kubwa kuliko mwili hupwaya. Kiatu kikubwa huingia mguuni bila taabu, lakini jaribu kukimbia nacho! Bunduki za kale zisizo na mifereji ndani ya mtutu zilitumia risasi zinazopwaya, tena kwa makusudi. Mtutu wa bunduki ya askari wa Uingereza wa karne ya 18 ulikuwa na upana wa milimita 19 hivi, na risasi yake milimita 17 na nusu. Nafasi hiyo iliachwa ili risasi ipite upesi hata masizi ya baruti yanapojaa ndani. Gharama yake ilikuwa shabaha: risasi ilikwenda ikigongagonga kuta za mtutu, na ilipotoka ilishika njia yake yenyewe.

Bunduki zilizofuata zilichongwa mifereji iliyojipinda ndani ya mtutu. Risasi hubanwa na mifereji hiyo, huzungushwa, na kwa kuzunguka ndipo hushika njia iliyonyooka. Ikiwa nyembamba hata kwa sehemu ndogo ya milimita, huenda isishikwe sawasawa. Moshi wa moto huipita pembeni, nayo hutoka ikiyumba. Mtutu uliolika kwa kutu na umri huongeza kasoro hiyo. Risasi ikiwa nene kupita kiasi, msukumo ndani ya mtutu huzidi, na bunduki yaweza kumpasukia aliyeishika.

Nikamweleza pia habari ya Aprili 1915. Meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyobeba silaha za jeshi la Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo Burundi ilikuwa sehemu yake, ilishambuliwa na manowari ya Waingereza katika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena ikaopolewa majini. Risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikakaushwa, kisha zikajazwa upya kwa mikono. Lilikuwa jeshi zima lenye mafundi wake, na hata hivyo risasi nyingi zilikataa kulipuka. “Sasa kaka yako ana nini,” nikamwuliza, “ila betri na kalibu?”

Akanyamaza. Kisha akasema, “Mwalimu, usimwambie mtu.”

Usiku ule sikulala. Burundi ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi tarehe 21 Aprili 2004, na mwaka 2009 ikatunga sheria yake yenyewe. Najua sheria inataka nini. Lakini nilijua pia kwamba nikienda peke yangu, kijana yule hatamwambia tena mtu mzima jambo zito. Na nikikaa kimya, huenda risasi inayoyumba ikampata mtoto wa jirani anayechota maji.

Kesho yake nikamwambia kijana ukweli: siwezi kuitunza siri hii, ila naweza kumsindikiza. Tulikwenda pamoja kwa mama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. “Mwalimu,” akasema, “bunduki ile naijua. Nilidhani imekwisha kufa.” Jioni ile ile alikwenda kwa kiongozi wa mtaa, na bunduki ikachukuliwa pamoja na maganda na kalibu. Kaka mtu hanisalimu mpaka leo. Mdogo wake huketi dawati la mbele, na maswali yake hayajapungua.

Nimeandika haya kwa sababu neno “mradi” ni neno la kuchunga. Mradi inaingia, mradi inapita, mradi hakuna aliyeona: uraia wetu nao hupwaya hivyo hivyo. Kuingia si kufaa.

Zoezi: Tungeni sentensi tano kwa kutumia vitenzi kuingia, kubana, kupwaya, kutosha na kufaa. Kisha andikeni aya moja: je, ungekuwa wewe mwalimu, ungeitunza siri ile?