Kabla Hujanunua Udi Mpya

Kazi yangu ya kwanza mjini Unguja ilikuwa useremala wa vitanda na makabati. Udi, ala ya nyuzi ya taarab, niliujia ukubwani. Mjomba wangu alipiga fidla katika kikundi cha taarab, na ala ikiharibika kikundini aliniletea mimi, maana nilikuwa na randa, patasi na gundi. Hapakuwa na wa kunifundisha. Nilijifunza kwa kufungua udi zilizokwisha kufa, nikatazama mafundi wa zamani walivyokunja mbavu za tumbo lake na walivyopanga vijiti chini ya uso ili ubao mwembamba ustahimili mvuto wa nyuzi.

Mji wetu una historia ndefu na ala hizi. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa peke yake kiliasisiwa mwaka 1905. Kwa miaka mingi vikundi ndivyo vilivyonilisha. Kisha vinanda vya umeme vikashika jukwaa la taarab, na udi zikaanza kutundikwa ukutani. Nilirudi kwenye makabati. Mwaka 2002 kilipofunguliwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, vijana, wasichana kwa wavulana, wakaanza kujifunza udi na ganuni, ala nyingine ya nyuzi. Mwanafunzi lazima afanye mazoezi nyumbani, na nyumbani kuna udi wa babu. Wateja wangu wakawa watu wa majumbani.

Karibu wote huja na neno moja: udi huu mbovu, bora ninunue mwingine. Alikuja mwalimu mmoja mstaafu na udi wa marehemu baba yake.

"Fundi, unaniumiza vidole. Mwanangu anasema niutupe."

"Niachie, mwalimu. Ukirudi ukiuona mbaya, hunidai wala sikudai."

Udi ule haukuwa na kasoro ya sauti. Nyuzi zilikuwa zimepanda mno juu ya shingo, kila noti mwalimu akiikandamiza kwa nguvu. Mimi hupenda uzi usizidi milimita 3 pale shingo inapokutana na tumbo. Nilichimba kidogo mifereji ya kile kifupa cha kichwani, nikashusha matundu ya kibao kinachofunga nyuzi kule chini, nikasawazisha shingo kwa msasa. Udi hauna vigawanyo shingoni kama gitaa, kwa hiyo bonde dogo tu pale huufanya uzi uvume vibaya.

Kisha nyuzi zenyewe. Udi wa kwetu huwa na nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja mnene. Nyembamba ni za nailoni, nene zimezungushiwa waya. Watu wengi, wakikosa hizo, hufunga nyuzi za chuma za gitaa. Sauti hung'ara siku chache, halafu mvuto wake hukivuta kibao hadi kibanduke na kuchuna uso wa udi. Nimegundisha vingi vya namna hiyo. Seti sahihi ya nyuzi ni nafuu kuliko kazi yangu, na huwaambia wateja hivyo ingawa najikatia riziki.

La tatu ni vigingi vya kukazia nyuzi. Masika unyevu huvivimbisha, vikagoma kuzunguka; jua likikaza huteleza, na udi hautulii kwenye tuni. Dawa yake iko dukani kwa Mpemba: sabuni kavu ili kizunguke, chaki ili kishike. Ganuni ina taabu zaidi, maana nyuzi zake zinapita 70 na daraja lake hukalia ngozi. Ngozi ikinywa unyevu hulegea, nyuzi zote zikashuka pamoja. Mwenye ganuni hushauriwa aizoee kazi ya kutuni kabla ya wimbo.

Mwalimu aliporudi, alichukua risha ya kupigia akapiga taksimu fupi ya kubuni palepale kwenye benchi, akacheka. Sasa hupiga kila baada ya Isha, na wajukuu hukaa kitako kumsikiliza. Udi hausumbui jirani. Sauti yake inatosha chumba kimoja na watu wake. Vijana huniuliza kama niwafungie maiki ya ndani. Wa jukwaani humfungia. Wa nyumbani humwambia akanunue nyuzi na mfuko mzuri wa kuhifadhia, auweke mbali na dirisha na mbali na kiyoyozi.

Nimekwisha kuzeeka katika kazi hii na hukumu yangu ni hii: udi nyingi zinazotupwa hazina ubovu, zinamchosha tu mpigaji. Basi wewe uliye na udi, ganuni au fidla ya wazee juu ya kabati, ishushe. Badilisha nyuzi, mpelekee fundi akupimie kimo cha nyuzi, kisha ipige kila siku hata kwa robo saa. Ukiisha kufanya hayo na bado huipendi, hapo ndipo ukanunue mpya.