Mtambo wa Mkate na Kuumuka kwa Unga

Wako watuulizao: Je, mtambo wa mkate wa nyumbani waumua unga vema kuliko mikono ya mama? Mtambo huo ulianza kuuzwa huko Ujapani katika miaka ya 1980. Hukanda unga, huutia joto, kisha huuoka katika chombo kile kile.

Twaona faida yake hasa ni hilo joto. Hamira ni kitu hai. Hula sukari iliyomo na kutoa hewa iinuayo donge. Penye baridi hulegea. Joto lifikapo digrii 60 hufa. Kwa hiyo milimani, majira ya baridi, mtambo wafaa sana. Lakini pwani bakuli lililofunikwa kitambaa latosha.

Tena mtambo hufuata saa, hauna macho. Hamira ikiwa imechakaa, au maji yakipungua, huoka vivyo hivyo, na chakula cha watoto hupotea. Basi mwenye mtambo na afunue kifuniko unga ukikandwa, auguse, aongeze maji ukiwa mkavu. Katika mfano wa Mathayo 13:33 kipimo si saa, bali ni unga wote kuumuka.