Kujuana si Kuaminiana

Vijana wenzangu wa mjini hulalamika kwamba bila kujuana hupati kitu. Hata hadithi, ati, haichapishwi mpaka uwe na mtu wako. Sibishi, kujuana kupo. Lakini huku kwetu Kigoma nimeona kwamba kujuana hukufikisha mlangoni tu; wenye nyumba hukukaribisha ndani wakikuamini.

Mimi ni Muha wa Kasulu. Kiha chetu na Kirundi huelewana. Kwa hiyo Warundi walipomiminika tena mwaka 2015, na kambi ya Nduta kule Kibondo ikafunguliwa upya, nilipata kibarua cha ukalimani. Aliyenitaja ni mwalimu wangu wa zamani. Mzee yule hakuwa na cheo. Ila watu walijua hajawahi kumsifia asiyestahili, basi neno lake likapokewa. Nami nikajua kwamba nikivurunda, jina litakalochafuka ni lake.

Baada ya kazi nilikuwa naandika. Mama mmoja alinisimulia alivyovuka mpaka na wanawe. Akasema, "Andika, mwanangu, ila usitaje jina langu wala kijiji. Nimeacha ndugu kule." Nikaandika hivyo. Mhariri mmoja akaipenda sana hadithi ile, lakini akataka jina na kijiji, la sivyo haitoki. Jamani, kwa chipukizi nafasi kama hiyo huja mara ngapi? Nilikataa. Hadithi ikabaki daftarini, na mfukoni sikuwa na hata nauli ya kurudi Kasulu.

Lakini kambini habari hutembea. Yule mama aliwaambia wenzake, nao wakaanza kuniita wenyewe: kijana, njoo, tuna la kukusimulia. Kazi nyingi za kutafsiri nilizopata baadaye zilitoka kwa watu waliosikia habari zangu kwao. Cheti changu hakuna aliyekiuliza.

Kuna Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, ikasikika hadi huku kwetu. Kwa Kirundi, kwizera ni kuamini, na ni kutumaini pia. Neno ni hilo hilo moja.

Ndugu yangu chipukizi, ukimtafuta wa kukushika mkono, jiulize kwanza: ni nani aliyekukabidhi siri yake, na bado unayo?